Kiasi na Asili: Kufundisha Takwimu kwa Ajali za Migodi ya Makaa ya Mawe

Katika vyuo vyetu mada ya takwimu hufundishwa kwa kawaida mwishoni mwa muhula, wakati mtihani umekaribia na mwalimu ana haraka. Mwanachuo huonyeshwa jinsi ya kutafuta wastani, kuchora grafu ya mihimili na kugawa duara kwa asilimia. Tarakimu anazopewa ni za machungwa yaliyouzwa sokoni au alama za wanafunzi kumi wa kubuni. Akimaliza hayo anajua kukokotoa. Lakini mpe gazeti lenye habari kwamba ajali za barabarani zimepungua kwa mia mbili, naye ataamini papo hapo kwamba barabara zimekuwa salama zaidi. Hataulizi kama magari yaliyopita barabarani mwaka huo yalikuwa mengi au machache. Kwa maoni yetu mtu huyo hajafundishwa takwimu. Amefundishwa kujumlisha na kugawanya chini ya jina jipya.

Makala hii yapendekeza njia nyingine. Tunachukua jambo moja zito, yaani kuumia na kufa kwa watu kazini katika migodi ya makaa ya mawe ya chini ya ardhi, na kulitumia kwa masomo manne mfululizo. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni nadra kupata kazi nyingine ambayo kumbukumbu za ajali zake zimewekwa kwa muda mrefu hivyo. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1850 iliweka wakaguzi wa migodi na kuwalazimu wenye migodi kutoa taarifa ya kila ajali iliyoua mtu. Nchini Marekani tunazo hesabu za kila mwaka tangu 1900. Pili, jambo hili halina mzaha. Mwanachuo akikosea hesabu ya machungwa hakuna lililoharibika. Akikosea kusoma hesabu za migodi huenda akasema kwamba watu wako salama hali wanakufa.

Wanachuo wengi hawajapata kuuona mgodi wa makaa, kwa hiyo mwalimu aanze kwa maelezo mafupi. Makaa ya mawe hulala ardhini kwa tabaka. Tabaka likiwa karibu na uso wa nchi, udongo wa juu huondolewa na makaa huchukuliwa katika mgodi wa wazi, kama ifanywavyo Ngaka mkoani Ruvuma. Likiwa mbali, huchongwa njia ndani ya tabaka lenyewe, na wachimbaji hufanya kazi wakiwa na mwamba juu ya vichwa vyao. Hivyo ndivyo yalivyochimbwa makaa ya Kiwira, kusini-magharibi mwa Tanzania, tangu mwaka 1988. Mwamba huo wa juu huitwa dari. Huzuiwa kwa nguzo za makaa zilizoachwa bila kuchimbwa, kwa magogo, na tangu katikati ya karne ya 20 kwa boliti ndefu za chuma zinazopenyezwa ndani ya mwamba. Pamoja na hatari ya dari kuporomoka iko gesi ya methani itokayo katika makaa, ambayo ikichanganyika na hewa kwa kadiri fulani hulipuka. Liko vumbi la makaa, ambalo nalo hulipuka na kuupeleka moto mbali ndani ya njia. Na ziko mashine na mabehewa yanayopita mahali pembamba na penye giza. Maelezo hayo yatosha. Dakika kumi zikizidi, somo litageuka kuwa la jiografia.

Sasa mwalimu aandike ubaoni jedwali lifuatalo la migodi ya makaa ya Marekani. Hesabu hizi ni za wachimbaji wote wa makaa, wa chini ya ardhi na wa juu, jambo ambalo mwalimu asilitaje mapema; tutaona sababu yake baadaye.

Mwaka — Wachimbaji — Waliokufa kwa ajali
1900 — 448,581 — 1,489
1907 — 680,492 — 3,242
1930 — 644,006 — 2,063
1950 — 483,239 — 643
1970 — 144,480 — 260
1980 — 253,007 — 133
1990 — 168,625 — 66
2000 — 108,098 — 38
2010 — 135,500 — 48

Mwalimu afunike kwa karatasi safu ya katikati na kuuliza swali moja tu: kati ya mwaka 1950 na mwaka 1970, kazi ya makaa iliongezeka hatari au ilipungua? Darasa zima litajibu kwamba ilipungua, tena sana, kwa maana vifo vilishuka kutoka 643 hadi 260. Wengine watakokotoa kwa hiari yao kwamba upungufu huo ni asilimia 60, na mwalimu awaache wafurahie hesabu hiyo. Kisha aiondoe karatasi.

Kila mwanachuo alijifunza shule ya msingi kwamba sehemu ina kiasi juu na asili chini. Hapa vifo ndicho kiasi, na watu waliokuwa wakifanya kazi ndiyo asili. Tukigawanya na kuzidisha kwa 1,000 tunapata kiwango cha vifo kwa kila wachimbaji elfu moja. Mwaka 1950 kiwango kilikuwa 1.33. Mwaka 1970 kilikuwa 1.80. Kumbe vifo vilipungua kwa sababu wachimbaji wenyewe walipungua, na kwa kila aliyebaki kazini uwezekano wa kufa katika mwaka ule ulikuwa umepanda kwa zaidi ya theluthi moja. Tumeona darasani kwamba ukimya unaofuata hapa wafundisha kuliko maneno mengi ya mwalimu. Wanachuo wajaze viwango vya miaka mingine wenyewe: 3.32 kwa mwaka 1900, 4.76 kwa mwaka 1907, 3.20 kwa mwaka 1930. Na baada ya 1970, 0.53, kisha 0.39, kisha 0.35 mara mbili.

Mwalimu asiliache somo hapo, maana wanachuo watatoka na imani mpya iliyo kipofu kama ile ya kwanza, kwamba ukigawanya kwa idadi ya watu basi umeupata ukweli. Asili nayo ina maswali yake. La kwanza ni muda. Mtu hawi hatarini kwa kuandikishwa katika daftari la mgodi. Yumo hatarini saa zile anapokuwa chini. Tangu katikati ya mwaka 1949 chama cha wachimbaji wa Marekani kilikuwa kimewaagiza wanachama wake kufanya kazi siku tatu tu kwa wiki, na mwanzoni mwa mwaka 1950 kulikuwa na mgomo mkubwa uliokwisha mwezi wa Machi. Kwa hiyo mchimbaji wa mwaka 1950 alikaa mgodini siku chache kuliko mwenzake wa mwaka 1970, na sehemu ya tofauti kati ya 1.33 na 1.80 ni tofauti ya siku hizo. Wanachuo waulizwe: je, kwa kujua hivi, bado twaweza kusema kwamba hatari iliongezeka? Jibu lililo sahihi ni kwamba hatuwezi kusema bila kupewa saa za kazi. Hata hivyo twaweza kusema kwa yakini kwamba ule upungufu wa asilimia 60 ulioshangiliwa mwanzoni si upungufu wa hatari.

Swali la pili ni nani waliohesabiwa. Hapa ndipo mwalimu afichue kwamba jedwali limechanganya wa chini na wa juu. Kadiri miaka ilivyopita, sehemu kubwa zaidi ya makaa ya Marekani ilitoka katika migodi ya wazi, ambako hakuna dari la kumwangukia mtu. Kiwango cha nchi nzima kingeweza kushuka kwa kuhama tu kwa watu kutoka shimoni kwenda juani, hata kama katika kila shimo hali ingebaki ilivyokuwa. Tena tangu mwaka 1973 wafanyakazi wa ofisini nao waliingizwa katika hesabu ya wachimbaji. Karani aketiye mezani huongeza asili, naye ni nadra kuongeza kiasi. Hatusemi kwamba kushuka kwa kiwango kutoka 1.80 mwaka 1970 hadi 0.53 mwaka 1980 ni kiini macho. Sheria kali ya usalama migodini ilipitishwa Marekani mwaka 1969, na vifo vyenyewe vilipungua nusu wakati watu wakiongezeka. Twasema tu kwamba anayetaka kuipima sheria ile kwa tarakimu atenganishe kwanza shimo na uwanja.

Ili kuepuka tatizo la siku za kazi, wakaguzi wa migodi wa Marekani hukokotoa kiwango cha kuumia kwa saa. Idadi ya walioumia huzidishwa kwa 200,000 na kugawanywa kwa jumla ya saa zilizofanywa kazi. Wanachuo huuliza kila mara namba 200,000 imetoka wapi, nao wana haki ya kuuliza. Ni saa za watu 100 wanaofanya kazi saa 40 kwa wiki kwa wiki 50. Hivyo jibu lisomwe kama idadi ya walioumia kwa kila watu mia moja wa kazi kamili kwa mwaka. Waingereza walipendelea kuhesabu kwa kila zamu 100,000 za mtu mmoja mmoja. Njia ni nyingine, fikra ni ile ile. Kwa zoezi, mgodi wa kubuni una watu 240, kila mmoja amefanya saa 1,900, na 12 wameumia. Saa zote ni 456,000, na kiwango ni 5.26. Mwalimu aongeze swali la zamu: zamu ya mchana ina watu 300 na walioumia ni 12, zamu ya usiku ina watu 80 na walioumia ni 6, ni ipi inayohitaji kutazamwa kwanza na mkaguzi? Mwanachuo aliyefuata somo hatakawia kujibu.

Somo la pili lahusu bahati. Neno hili lapasa kutumiwa kwa uangalifu mbele ya watu wanaozungumza juu ya vifo, kwa hiyo tulieleze. Hatusemi kwamba ajali haina sababu. Kila dari lililoporomoka lilikuwa na sababu yake. Twasema kwamba sababu nyingi ndogo zikikutana, mwaka mmoja utapata ajali nyingi na mwingine chache bila hali ya migodi kubadilika hata kidogo. Mwanahisabati Mfaransa Poisson, aliyefariki mwaka 1840, ndiye ambaye jina lake limepewa kanuni ya matukio ya namna hii. Kwa matumizi ya darasani yatosha kukumbuka kwamba matukio yasiyotegemeana yakiwa na wastani fulani, mtawanyiko wake wa kawaida ni kama kipeuo cha pili cha wastani huo.

Mfano bora tunaoujua ni wa Uingereza. Mwaka 1952 Maguire, Pearson na Wynn walichapisha katika jarida la Biometrika uchunguzi wa muda unaopita kati ya ajali moja na nyingine, wakitumia orodha ya milipuko ya migodi ya makaa iliyoua watu kumi au zaidi. Mwaka 1979 Jarrett aliisahihisha orodha hiyo, akairefusha ianzie 1851 na kuishia 1962, ikawa na milipuko 191. Tangu hapo orodha imefanyiwa kazi na wanatakwimu wengi duniani, nasi hatuoni kwa nini wanachuo wetu waikose. Kwa miongo, kuanzia 1851–1860, idadi ni hizi: 31, 33, 35, 26, kisha 10, 13, 5, 7, 16, 11, na katika miaka 12 ya mwisho, 4.

Kabla ya kutazama miongo, mwalimu achukue miaka miwili tu. Mwaka 1859 haukuwa na mlipuko hata mmoja wa kiasi hicho. Mwaka 1860 ulikuwa na sita. Mwanachuo ajiweke mahali pa mtumishi wa serikali anayeandika taarifa mwishoni mwa kila mwaka. Mwishoni mwa 1859 angesifu maendeleo. Mwishoni mwa 1860 angetafuta wa kulaumiwa. Lakini tukiitazama miaka 40 ya kwanza yote pamoja, milipuko ni 125, yaani wastani wa 3.1 kwa mwaka, na tukihesabu miaka iliyokuwa na 0, 1, 2, 3, 4, 5 na 6 tunapata 3, 4, 6, 9, 10, 6 na 2. Huo ni mtawanyiko usio mbali na ule ambao kanuni ya Poisson ingetutarajisha. Sifu na lawama zile zote mbili zingekuwa za bure. Hali ilikuwa ile ile, mbaya, mwaka wa sifuri kama mwaka wa sita.

Kisha tazama kinachotokea baada ya 1890. Katika miaka 72 iliyosalia milipuko ni 66, yaani pungufu ya mmoja kwa mwaka. Hapo bahati haiwezi kuwa maelezo. Kutoka 26 hadi 10 kwa muongo, na kutorudi tena juu ya 16, ni badiliko la kweli, na wanatakwimu waliotafuta kwa hesabu mahali pa badiliko hilo huliweka karibu na mwaka 1890. Wanachuo watauliza sababu. Mwalimu aweza kuwatajia sheria ya migodi ya mwaka 1887, na ujuzi uliokuwa ukienea juu ya hatari ya vumbi la makaa na ya baruti zilizotumiwa kupasulia. Lakini awaambie pia kwamba orodha ya tarehe haina uwezo wa kutaja sababu. Inatuonyesha mahali pa kutafuta. Anayetaka sababu aende akasome taarifa za wakaguzi.

Upo mtego mwingine katika orodha hii, nao tunauona kuwa ndio wenye uzito kuliko yote. Muongo wa 1911–1920 ndio wenye idadi ndogo kuliko miongo yote kamili: milipuko mitano tu. Mwaka 1913 una mmoja. Huo mmoja ni mlipuko wa Senghenydd, kusini mwa Wales, tarehe 14 Oktoba 1913, uliowaua wachimbaji 439. Haujapata kutokea mwingine mkubwa kuliko huo katika historia ya migodi ya Uingereza. Tulipoamua kuhesabu matukio badala ya watu tulipata hesabu inayofaa kwa kanuni ya Poisson, lakini kwa gharama hiyo kijiji kizima kilichofiwa kimeandikwa kwa tarakimu moja. Kinyume chake, tukihesabu watu, watu 439 waliokufa kwa cheche moja hawawezi kuchukuliwa kama matukio 439 yasiyotegemeana, na kipeuo cha pili hakitatusaidia.

Jambo hilo lajionyesha pia katika miaka ya karibu. Mwaka 2009 walikufa wachimbaji wa makaa 18 katika Marekani nzima. Mwaka 2010 walikufa 48. Kipeuo cha pili cha 18 ni kama 4, na hata tukichukua mara mbili yake, mwaka wa kawaida ungekuwa kati ya 10 na 26. Idadi ya 48 iko mbali nje ya mipaka hiyo. Lakini 29 kati yao walikufa pamoja tarehe 5 Aprili 2010 katika mgodi wa Upper Big Branch, West Virginia, kwa mlipuko wa gesi na vumbi. Waliosalia ni 19, karibu sawa na mwaka uliotangulia. Tumewahi kusikia watu wakisema kwamba basi ile 29 iondolewe ili mwelekeo uonekane vizuri. Hatukubaliani nao. Maswali ni mawili na kila moja lina jibu lake: je, hatari ya kila siku, ya mtu mmoja mmoja, imebadilika? Tarakimu zasema hapana. Je, migodi ingali na uwezo wa kuua watu wengi kwa mara moja? Zasema ndiyo. Wastani unaochanganya mawili hayo haujibu hata moja.

Hapa mwalimu arudi kwenye mwaka 1907 katika jedwali. Mwezi wa Desemba mwaka huo mgodi wa Monongah uliua watu 362 kwa hesabu rasmi, na siku 13 baadaye mgodi wa Darr ukaua 239. Majina hayo mawili ndiyo yanayokumbukwa, na ghasia iliyofuata ilichangia kuundwa kwa ofisi ya serikali ya migodi mwaka 1910. Jumla yao ni 601. Vifo vya mwaka ule ni 3,242. Yaani hata katika mwaka ule mbaya, zaidi ya wanne kati ya kila watano walikufa mahali pengine. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 karibu nusu ya vifo vya chini ya ardhi nchini Marekani vilitokana na dari au kuta za makaa kuporomoka: mmoja leo, wawili kesho, katika vijiji mbalimbali, bila habari katika magazeti ya mbali. Sheria nazo zilifuata vishindo. Ile ya 1969 tuliyoitaja ilipitishwa mwaka mmoja baada ya mlipuko wa Farmington wa tarehe 20 Novemba 1968 uliowaua 78, katika mwaka ambao vifo vyote vilikuwa 311. Mtu akiwa na grafu ya sababu za vifo mbele yake ataliona dari. Asiye nayo ataona mlipuko tu.

Somo la tatu ni fupi lakini lisirukwe: je, kiasi chenyewe ni cha kweli? Kifo ni vigumu kukificha. Kuumia ni rahisi. Mchimbaji aliyevunjika kidole aweza kupewa kazi nyepesi ya kuketi siku tatu, na kwa kuwa hakukosa siku hata moja, hataonekana miongoni mwa waliokosa kazi kwa kuumia. Mahali ambapo kikundi kizima huahidiwa zawadi mwezi ukipita bila majeruhi, mwenye maumivu hunyamaza ili asiwakoseshe wenzake. Kwa sababu hiyo, mgodi wenye vifo vingi na majeruhi wachache mno wapaswa kutiliwa shaka kabla ya kusifiwa. Mfano wa Upper Big Branch unatufaa tena. Wachunguzi wa serikali walieleza baada ya mlipuko kwamba mgodi uliweka madaftari mawili, moja la kuonyeshwa wakaguzi na jingine la ndani lenye hatari ambazo daftari la kwanza halikuzitaja. Na ukaguzi uliofanywa baadaye ulikuta kwamba katika mwaka 2009 ajali zilikuwa mara mbili ya zile zilizoripotiwa. Kiwango kilichokokotolewa kwa taarifa za mgodi kilikuwa sahihi kabisa kihesabu. Kilikuwa nusu ya ukweli.

La nne ni lile lisilomo katika jedwali hata kidogo. Vumbi la makaa likivutwa kwa miaka mingi huyafanya mapafu kuwa magumu na meusi, na mtu hufa akiwa kitandani nyumbani kwake, pengine miaka 20 baada ya kuacha kazi. Hakuna tarehe ya ajali, hakuna fomu ya kuumia, na mgodi aliofanyia kazi huenda umekwisha fungwa. Tangu mwaka 1968 ugonjwa huu umehesabiwa katika vifo vya Wamarekani zaidi ya 70,000. Waliokufa kwa ajali katika migodi ya makaa ya nchi hiyo tangu mwaka huo huo hawafiki 5,000. Mwalimu aziandike namba hizo mbili ubaoni kando ya jedwali la mwanzo na kuwapa wanachuo muda wa kuzitazama. Kisha awaulize kama kichwa cha jedwali chapasa kubadilishwa, na kiandikweje. Darasa moja lilibishana juu ya kichwa hicho kwa kipindi kizima, nasi hatukuwazuia.

Kwa kazi ya mikono, wanachuo wagawanywe katika vikundi vya watu watano na kutumwa mahali pa kazi palipo karibu na chuo: kiwanda cha mbao, machimbo ya kokoto, kiwanda cha kukamua mafuta, hata jiko la chuo chenyewe. Waulize walioumia katika miezi 12 iliyopita ni wangapi, kwa namna gani, na walikosa siku ngapi. Wapate pia idadi ya watu na saa zao. Kibali cha mwenye mahali kiombwe kwa barua kabla ya siku ya kwenda, na jina la aliyeumia lisiandikwe. Mwalimu akumbuke kwamba huenda darasani yumo aliyefiwa na mzazi migodini au barabarani. Azungumze naye faragha mapema, na kama hapendi kwenda, apewe orodha ya Uingereza achore grafu yake. Wengi wa watakaokwenda watarudi na kiasi bila asili, kwa kuwa watu hukumbuka majeraha kwa urahisi lakini ni wachache wanaohesabu saa. Warudishwe kuitafuta. Vipindi viwili vyatosha kwa hesabu, na cha tatu kiwe cha kusomeana taarifa.